UJIRA HUTAJWA KABLA YA KAZI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyegawanya riziki baina ya waja wake kwa hekima yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baada ya hayo:

Kazi za mshahara zimekuwa haba katika miji ya mwambao, na wazitakao ni wengi. Mombasa iliyaona hayo kwa macho yake pale shehena za bandarini zilipoanza kuchukuliwa na reli mpya mwaka 2018, kisha makasha yakalazimishwa kupelekwa Nairobi kufunguliwa huko. Malori yakalala, maghala yakafungwa, na makarani wa forodha na wachukuzi wakakosa la kufanya, hata amri ile ilipotenguliwa mwaka 2022. Na kati ya miaka hiyo, mwaka 2020, maradhi ya korona yalifunga mahoteli tangu Lamu hata Unguja, na mtu aliyelala ana kazi akaamka hana.

Kazi zikiwa haba, watu hugawanyika. Wako wanaokaa kitako wakasema riziki ya mtu haimpiti. Na wako wanaokubali kazi yoyote kwa sharti lolote, wala wasiulize watalipwa nini, kwa kuogopa kwamba akiuliza ataambiwa, "Basi, atachukuliwa mwingine." Hao wa kwanza wamesemwa sana katika mimbari. Hawa wa pili hawakusemwa ila kidogo, hali wao ndio wengi, na ndio wanaodhulumika. Basi darasa hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaowatumia.

KUTAWAKALI SI KUKAA

Hili la kwanza halihitaji maneno mengi. Tirmidhi amepokea Hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) amewapigia watu mfano wa ndege, watokao asubuhi na matumbo matupu wakarudi jioni wameshiba. Imamu Ahmad bin Hanbal alipoulizwa juu ya mtu akaaye nyumbani kwake au msikitini akingoja riziki imfuate, alimhesabu kuwa ni mtu asiyejua elimu, akaitaja Hadithi hii, kwamba ndege wenyewe hutoka. Na katika Suratul Jumua, aya ya 10, waumini wameamrishwa watawanyike katika ardhi ikisha sala, wakatafute fadhila za Mola wao. Wala hawakuambiwa warudi barazani.

Lakini wapo wenye mali ambao huwasomea masikini Hadithi hizi kisha wakafunga mlango. Hao nao wasome kisa walichokipokea Abu Daud na Ibn Majah cha mtu mmoja katika Ansari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Aliulizwa kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kuwa mna nguo moja nzito, nusu yake hujifunika na nusu hutandika, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa. Mtume akavinadi kwa mkono wake mwenyewe, vikafika dirhamu mbili. Akamwamrisha kwa dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka; na lilipoletwa, Mtume ndiye aliyelitia mpini. Kisha akamwambia akakate kuni akauze, wala wasionane muda wa siku 15. Yule mtu alirudi ana dirhamu 10. Na azingatie mwenye kusoma: mtu huyu hakupewa nasaha tupu. Alipata rasilimali iliyotoka katika mali yake mwenyewe, akapewa chombo cha kazi tayari kwa kazi, akatajiwa kazi yenyewe, na akawekewa siku ya kuja kuonekana ameendeleaje.

Ama kazi ipi iliyo bora, wanavyuoni wetu wamelizungumza sana. Imamu Mawardi amesema kuwa asili za chumo ni tatu: kilimo, biashara na sanaa. Akaona kwamba lililo karibu na madhehebu ya Imamu Shafi'i ni kuwa biashara ndiyo bora, na yeye mwenyewe akakifadhilisha kilimo, kwa kuwa mkulima humtegemea Mola wake zaidi. Imamu Nawawi akasema lililo sahihi ni kazi ya mkono, kwa ile Hadithi ya Bukhari inayomtaja Nabii Daud (a.s.) kwamba alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, na ikiwa kazi hiyo ya mkono ni kilimo, basi ndiyo bora kabisa. Hapana katika Maimamu hawa aliyeitanguliza meza ya karani. Si kwamba ukarani una kosa. Ni chumo la halali kama machumo mengine. Lakini kijana aliyetoka skuli na madrasa akaona haya kuonekana amejitwika gunia katika soko la Kongowea, haya hiyo hakuifunzwa na vitabu vya dini yake.

NABII MUSA ALIPOKUWA HANA KAZI

Katika habari za Mitume hapana iliyo karibu zaidi na hali ya vijana wa leo kuliko hii iliyomo katika Suratul Qasas, tangu aya ya 22 hata ya 28. Nabii Musa (a.s.) alitoka Misri mbio, akiiogopa roho yake. Akafika Madyan hana mali, hana jamaa, wala hajui atakula wapi. Akakuta watu wakinywesha wanyama, na wanawake wawili wamejitenga na kondoo wao. Akawanyweshea. Kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Basi kazi ile ya kwanza aliifanya bila ya kutaja ujira, kwa kuwa alikusudia wema, si kuajiriwa. Naye alipoitwa na baba wa wale wanawake ili alipwe, baadhi ya wafasiri wamesema kuwa aliona uzito kupokea malipo ya jambo alilolifanya kwa wema. Wema ni wema, na kazi ni kazi.

Kisha lilipokuja shauri la kazi, mambo yalibadilika. Mmoja wa wale mabinti alimwambia baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Yule mzee akaitaja kazi, akataja muda wake, miaka minane. Akataja kuwa akitimiza kumi, hilo ni hisani yake Musa mwenyewe. Akataja malipo, nayo ni kumwoza binti yake. Na akasema kwamba hataki kumtia mashakani. Naye Nabii Musa hakunyamaza akaitika tu. Aliyakariri masharti kwa ulimi wake, kwamba muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili, asidhulumiwe; akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi juu ya waliyoyasema. Na Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa ni muda upi alioutimiza, alisema ni ule mrefu.

Sasa na atazamwe mtu huyu. Hapana aliyekuwa na haja ya kazi siku ile kuliko yeye. Lau haja ingekuwa udhuru wa kuacha kutaja masharti, yeye ndiye angaliyekuwa na udhuru. Naye mzee, lau angalitaka kuitumia haja ya mgeni, asingalikosa njia. Lakini mwenye haja alisema, na mwenye mali akasema, na kila mmoja akajua lililo lake kabla kondoo hawajatolewa zizini.

HUKUMU YA UJIRA USIOTAJWA

Katika Bulughul Maram imetajwa Hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba mwenye kumwajiri mtu na amtajie ujira wake. Sanadi yake ina maneno, lakini maana yake ndiyo waliyoishika mafakihi: ujira kujulikana ni sharti ya kusihi ijara, kama bei ilivyo sharti ya kusihi kuuza.

Mtu akipuuza sharti hii, hupatikana nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani hudhani kwamba kadhi atawapa haki yao kwa vyovyote. Mfano wake: mzee mtukufu wa mtaa ampa kijana fundi kitambaa, amwambia, "Mwanangu, nishonee kanzu." Kijana aitika, "Haya, ami." Hapana aliyetaja ujira. Kijana ashona siku tatu, aipeleka kanzu, na mzee amshukuru, amwombea dua, aingia ndani. Imamu Nawawi ameitaja mas-ala hii hasa katika Minhaji, na kauli yenye kutegemewa ni kwamba fundi huyu hana ujira. Kwa nini? Kwa kuwa ametoa kazi yake pasina kuifunga na malipo, basi amekuwa kama aliyetoa sadaka. Ipo kauli ya pili kwamba anao. Na ya tatu ni kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi ile kuwa huifanya kwa ujira, atapata, na kama sivyo, hapati; na hii ya tatu Nawawi ameiashiria kwamba huenda ikapendezwa. Lakini ajengaye maisha yake juu ya kauli ya tatu ajue kwamba amejenga juu ya kauli ya tatu.

Mambo huwa mengine ikiwa mzee amesema neno lenye kuashiria malipo, kama "Shona, nitakuridhisha," au "Shona, utaona la kukufurahisha." Hapo ijara imefisidika kwa kuwa ujira haukujulikana, lakini kazi haipotei: fundi hustahiki ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa mafundi kama yeye kwa kazi kama ile, mahali pale na wakati ule. Na lile neno la watu wa pwani, "tutaelewana," laelekea kuingia katika fungu hili, kwani hawaelewani watu ila juu ya kitu.

Walakini ujira wa mfano nao una uchungu wake. Kwa kuwa hupimwa kwa desturi ya wakati, kazi zikiwa haba nao hushuka. Kijana aliyedhani atapata kama alivyopata kaka yake miaka kumi iliyopita, atapimiwa kwa soko la leo. Kwa hivyo kutaja mapema ni ngao ya wote wawili, hata kama kitakachotajwa ni kidogo. Kwani kidogo kilichotajwa katika ijara sahihi ni deni lililothubutu, na mwenye kuajiri hawezi kukipunguza.

Na haya je? Kijana husema, "Nilimwonea haya, ni rafiki wa baba yangu." Wanavyuoni wetu wamesema kwamba mali iliyochukuliwa kwa mtu kwa haya tu, na moyo wake haukuridhika, haimhalalikii aliyeichukua, hukumu yake ni kama iliyoghusubiwa. Basi tajiri ambaye hufanyiwa kazi zake zote na watoto wa jirani kwa kuwa wao ni wenye adabu, na aitazame upya adabu hiyo.

Mas-ala. Kazi hupimwa kwa moja ya mambo mawili: ama kwa muda, kama kuajiriwa mwezi mmoja, ama kwa kazi yenyewe, kama kushona kanzu hii. Yakikusanywa yote mawili, kama kusema, "Nimekuajiri uishone kanzu hii leo mchana kutwa," haisihi katika kauli iliyo sahihi zaidi, kwani huenda kazi ikesha kabla ya mchana au mchana ukesha kabla ya kazi, na hapo ndipo penye ugomvi.

Mas-ala. Mtu ana tuktuk, ampa kijana aiendeshe na kila jioni amletee kiasi maalumu, kinachozidi ni chake. Hii ni ijara ya chombo, nayo husihi muda ukijulikana na kodi ikijulikana. Na siku ambazo chombo kimeharibika kikasimama, pasina kosa la dereva, hazina kodi, kwa kuwa manufaa aliyoyakodi hayakupatikana. Kumdai dereva "hesabu" ya siku ambazo gari lilikuwa kwa fundi ni kula mali ya mtu bila ya haki, nalo ni jambo lililoenea.

Ama mtu kumpa mvuvi nyavu kwamba samaki watakaopatikana wagawane, katika madhehebu yetu hii si ijara sahihi wala si kiradhi sahihi. Samaki ni wa mvuvi aliyewavua, na mwenye nyavu ana ujira wa mfano wa nyavu zake. Njia iliyonyooka ni kuzikodisha nyavu kwa kiasi kinachojulikana. Wenye vyombo hawaipendi hukumu hii, lakini ndiyo iliyomo vitabuni.

WAKALA, NA NENO LISILOCHOSHA

Kazi zikiadimika huzuka watu ambao kazi yao ni kuuza kazi. Nao si sawa wote.

Wa kwanza ni yule afanyaye taabu ya kweli: hutembea, huandika barua, hufuata karatasi. Akiambiwa, "Ukinipatia kazi fulani una shilingi kadha," hiyo ni jaala, nayo inajuzu. Lakini hukumu ya jaala ni kwamba mtendaji hastahiki kitu mpaka amalize alilotakiwa. Basi wakala adaiye fedha kabla, kisha kazi isipatikane akasema fedha zimeshaingia katika shughuli, hana haki ya fedha zile, na ni deni juu yake.

Wa pili ni yule ambaye taabu yake yote ni kusema, "Huyu ni mwanangu, mchukueni." Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba haisihi kumwajiri mtu kwa neno lisilomchosha, hata kama neno hilo hutilia nguvu bidhaa ikauzika. Basi neno hilo halina bei. Akilisema kwa wema ana thawabu. Akiliuza, ameuza kisichouzwa.

Wa tatu ni mwenye kazi mkononi mwake kwa amana ya serikali au ya kampuni, akataka apewe kitu ndipo aandike jina. Hii ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Vijana husema kwamba mafakihi wamemruhusu mtu kutoa ili apate haki yake iliyozuiliwa, na dhambi huwa kwa mpokeaji peke yake. Kweli wamesema, lakini walisema juu ya haki iliyokwisha kuthubutu. Nafasi moja inayoombwa na watu mia si haki ya yeyote katika hao kabla hajateuliwa. Mwenye kuinunua amemnyang'anya aliyekuwa akistahiki zaidi, ambaye hamjui jina.

Tanbihi kwa waendao Arabuni. Watu wetu wengi huitafuta riziki Saudia, Qatar, Oman na Imarati, nayo ni safari ya halali kama walivyosafiri wa kale. Lakini mkataba ambao mtu ameutia sahihi pasina kuusoma, kwa lugha asiyoijua, umemfunga kwa kitu asichokijua. Na wako walioahidiwa hapa ujira mmoja, wakafika kule wakapewa karatasi nyingine yenye ujira mdogo na kazi nyingi. Basi asiondoke mtu mpaka asomewe na mjuzi asiyekuwa wakala, na abakishe nakala kwa watu wake. Ni kweli kwamba Qatar mwaka 2020, na Saudia mwaka 2021, zilitoa kanuni za kumrahisishia mfanyakazi kuhama kwa mwajiri wake. Lakini zile za Saudia hazikuwaingiza watumishi wa majumbani, wala madereva wa nyumba, wala watunza bustani, wala wachungaji. Naye kijana wa pwani aendaye huko kuendesha gari la nyumba ya mtu na alijue hilo kabla ya kupanda ndege.

MWENYE KUAJIRI

Bukhari amepokea Hadithi kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mteta wa watu watatu siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake kwake, asimpe ujira wake. Na Ibn Majah amepokea amri ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, kwa Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim.

Tena kuna kisa cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kila mmoja akamwomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake njema. Mmoja alikuwa amewaajiri watu, akawalipa wote ila mmoja, aliyeacha kipimo chake cha nafaka akaenda zake. Yule mwenye kuajiri hakukila. Alikipanda, kikazaa, hata kikawa ng'ombe na mchungaji wao. Baada ya muda yule mtu akaja akataka nafaka yake. Akaonyeshwa ng'ombe akaambiwa awachukue. Akadhani anafanyiwa mzaha. Hakuwa akifanyiwa mzaha, akawachukua wote. Kuwatoa ng'ombe hakukuwa wajibu, wajibu ni kipimo kile. Lakini hii ndiyo amali aliyoiona mtu huyu kuwa yafaa kumtoa pangoni.

LAFUDHI YA KUAJIRI

Neno lenyewe "kibarua" asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi alichokuwa akipewa mtu wa kazi ya siku. Karatasi imepotea, jina limebaki. Na irudishwe, japo ya mistari mitatu, mbele ya mashahidi wawili, kwani Suratul Baqara, katika aya yake ya 282, imehimiza kuandikwa kwa madeni, na ujira usiolipwa ni deni.

Mwenye kuajiri na aseme: "Nimekuajiri uniuzie dukani mwangu mwezi mmoja kuanzia kesho, tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi, kwa shilingi kadha, nitakazokulipa siku ya mwisho wa mwezi." Naye ajibu: "Nimekubali." Nyakati za sala za faradhi na tohara yake hazihitaji kutajwa, kwani sharia yenyewe imezitoa katika muda wa kazi, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake.